Jini la Karakana ya Garsen

Nuh, nimeaibika. Ile mashine ya kukatia vyuma niliyoifunga mota zinazoongozwa na kompyuta imetembea yenyewe. Yenyewe! Sikugusa kitu.

Na Mama Kaltuma amesimama hapo, ameshika gia iliyovunjika ya pampu yake. Shamba lake la Golbanti linakauka, na mimi ndiye niliyemwambia nitamkatia mpya.

"Mwanangu, hii ina jini."

Nikamweleza: waya nilizochagua hazina kinga, fundi mwenzangu Hanad akichomelea vyuma hapo nje umeme wake unaingia humo, mota zinadhani zimeamriwa.

Nikamwomba Hanad apumzike. Mashine ikatulia. Akachomelea, ikatembea.

"Kumbe jini ni Hanad."

Mama Kaltuma akatoka, akamnyang'anya Hanad miwani ya kuchomelea, akaikalia.

"Kata, mwanangu. Huyu nimemshika."

Nuh, nakata.