Gauni la Pazia

Bibi yangu,

Sisi wazima. Mume wako, huyu kitukuu wako, ameota meno mawili.

Nani angejua? Siku ile ulinisindikiza kliniki umevaa gauni ulilolishona kwa pazia kuukuu, pete zake zikilia pindoni. Nikasema, "Bibi, unanitia aibu!" Ukanijibu, "Basi jifanye hunijui." Mwenye duka la nguo akakuona kwenye foleni, akakuomba ukambunie magauni wiki mbili tu. Leo mwezi wa sita hujarudi.

Umepata jina uzeeni, najivunia. Ila jana nilimwonyesha mtoto picha yako gazetini, akaitazama kama ya mtu baki. Nami kutwa sina wa kusema naye. Nguo unazotutumia zinapendeza. Usitume nyingine, Bibi. Njoo mwenyewe.

Mjukuu wako uliyemlea