Picha Mbele ya Spika

Baba watoto,

Nimewahi kazini. Chai iko kwenye chupa. Rimoti usiiguse kabla hujamaliza kusoma.

Asubuhi msoma habari alikuwa kama ananong'ona, huku ngoma za matangazo zikitikisa vikombe, nawe ukaniambia mbele ya wanao kwamba masikio yangu yamezeeka. Mimi, ninayesikia mtoto akikohoa chumba cha tatu! Ulipoingia kuoga nikaenda kuitazama hiyo spika ndefu ya tivii, uliyoifunga mwenyewe ukamkataa fundi.

Besi, ile sauti nzito ya ngoma, ulikuwa umeipandisha mpaka mwisho. Nimeishusha hadi katikati, na spika nimeivuta hadi ukingoni mwa meza. Usiirudishe nyuma, bwana mjuaji.

~~Chakula cha mchana jipikie.~~ Chakula kiko kwenye friji, kipashe moto.

Na ile picha yako kubwa, ukipokea cheti cha mfanyakazi bora, uliyoisimamisha katikati ya spika, pale pale sauti za watu zinapotokea, nimeipandisha juu ya kabati. Ulipoondolewa wewe tu, kila mtu akasikika.

Mama watoto,
mwenye masikio makuukuu