Mafurushi Matano ya Alhamisi

Makambako, 4 Juni 2024

Shangazi Modesta,

Daktari wa kituo cha afya amesema jana kwamba tezi la shingoni la Aneth limeanza kubana njia ya hewa. Anataka mke wangu apasuliwe mwezi huu. Kuhusu mwezi ujao hakutaka kuahidi lolote. Unisamehe nimetanguliza hilo kabla ya salamu. Kamwene. Baridi ya Njombe inakutendaje? Watoto hawajambo. Najua simu huisikii tena kwa zile mashine za kufulia, ndiyo maana natuma barua kwa basi.

Aneth sasa analala ameketi. Kefa, mwenzangu wa gereji, ananiambia, "Kaka, hospitali kubwa bila mtu wa ndani utazeekea kwenye benchi." Alinipa namba ya mkubwa mmoja. Nimepiga mara tisa, hapokei. Wewe umo humo ndani ya hospitali miaka kumi na tisa. Zungumza na daktari wa upasuaji, Aneth atangulizwe.

Mwanao,
Jastin

Njombe, 6 Juni 2024

Jastin mwanangu,

Kamwene. Mimi mzima, magoti tu. Mpe pole mkwe wangu.

Huyo daktari amenisemesha mara mbili tangu nimjue, zote akiulizia koti lake. Mimi nafua nguo. Ila kila mgonjwa anayepasuliwa ana furushi lake la gauni na mashuka, na ninayeyafunga ni mimi. Matezi hupasuliwa Alhamisi tu, na kila Jumatatu naagizwa mafurushi matano. Hicho ndicho ninachokijua.

Njooni Jumatatu tarehe 10, kabla ya saa mbili. Leteni barua ya rufaa, kadi ya bima na ndugu wawili wa kutoa damu. Anzeni dirisha la kushoto. La kulia ni la waliokwisha kuandikishwa, na watu hupoteza nusu siku pale. Usilete kuku. Mwaka jana mtu alileta jogoo wa shukrani kabla hata hajapimwa, akawika mapokezi mpaka tukashindwa kusikia majina.

Shangazi yako,
Modesta

Njombe, 18 Juni 2024

Jastin mwanangu,

Kamwene. Nimefurahi Aneth ameandikishwa. Anapumuaje?

Jana wameagiza mafurushi manne. Nikaenda kumuuliza Sista Fidelia, msimamizi wa chumba cha upasuaji. Mgonjwa mmoja presha imepanda, amerudishwa nyumbani. Anayefuata ni mama Dorkasi wa Mawengi, anayesubiri tangu Machi, na simu yake haipatikani. Baada yake ni Aneth. "Asipopatikana mpaka keshokutwa saa sita," akasema, "namwita mkwe wako."

Nilikunja mashuka kama thelathini nikiwaza. Kisha nikaenda stendi kumtuma Hilario, konda wa basi la Ludewa linalopita Mawengi. Jioni alimkuta mama huyo shambani anavuna viazi. Leo anakuja. Kwa hiyo Aneth atasubiri. Nakwambia mimi kabla hujaambiwa na mwingine.

Shangazi yako,
Modesta

Makambako, 19 Juni 2024

Shangazi,

Ungenyamaza siku mbili tu. Jumapili Aneth alishindwa kumaliza ngazi tatu za kanisani. Kefa anacheka: "Kumbe shangazi yako ni mtu wa ndani wa watu wa Mawengi!" Mimi sikucheka.

Jastin

Makambako, 24 Juni 2024

Shangazi yangu,

Kamwene. Magoti yanaendeleaje? Barua ile niliituma bila salamu. Nilipomwambia Aneth nilichoandika, aliuliza jambo moja: "Na kama simu iliyozimika ingekuwa yangu?"

Leo tulikuja kupima. Sikuwa na uso wa kuja kwenye mashine zako. Wodini tulimkuta mama Dorkasi, bandeji shingoni, anakunywa uji. Sista Fidelia akatuambia Alhamisi hii ni zamu ya Aneth. Nikamuuliza kama ni kwa sababu yako. Akaniangalia kwanza. "Shangazi yako hajawahi kuniomba nafasi ya mtu, hata mara moja. Ndiyo maana akiniuliza kitu, namjibu."

Nimesimulia hayo gereji. Kefa akauliza kama unaweza kumwelekeza mama yake, macho yanamsumbua.

Nisamehe.

Mwanao,
Jastin

Njombe, 25 Juni 2024

Jastin mwanangu,

Kamwene. Magoti ni yaleyale, na hasira zako nazijua tangu unatambaa. Mama yake Kefa aje siku ya macho, Jumanne. Dirisha la kushoto.

Jana wameagiza matano. La pili ni la Aneth. Nimelifunga mwenyewe.

Mlete kesho saa nne asubuhi alazwe, na soksi nzito, wodi ina baridi. Ataingia chumba cha upasuaji Alhamisi tarehe 27, saa nne. Zamu yangu inaisha saa tisa. Nitakukuta kwenye benchi.

Shangazi yako,
Modesta