Malimbuko ya Visahani vya Editha

Kampuni imemwacha Editha wangu. Mkataba umekatwa, na aliyeukatisha ni mimi, mama yake mzazi.

Haya, sasa ndiyo niwasalimu. Leo Jumanne. Litembo kuna ukungu tangu alfajiri, kahawa niliyoanika juzi bado mbichi, nami sina nguvu ya kwenda kuigeuza. Nimekaa jikoni na simu yangu, naandika polepole. Darasa langu la saba mnalijua.

Kwa wageni wa ukurasa huu: Editha ni binti yangu wa tatu, na anacheza gofu ya visahani. Si ile ya fimbo na vipira. Hii unarusha kisahani cha plastiki kutoka mbali mpaka kiingie kwenye kikapu cha minyororo, na anayerusha mara chache ndiye mshindi. Mwalimu mmoja wa kujitolea aliwafundisha shuleni, akaondoka, akawaachia vikapu viwili. Wenzake waliacha. Wangu akaendelea, anarusha kutoka huku kilimani kwetu, kisahani kikikosa kinateremka mpaka kwenye ngoro za watu, mashamba yetu ya mashimo, anakwenda kukiokota katikati ya matope na maharage. Ndiyo maana ana mkono ule. Nimezaa, jamani! Nalisema bila haya.

Mwaka jana kampuni ya nje inayotengeneza visahani ikamchukua. Wao wanampa vifaa na nauli ya mashindano, yeye anarusha vya kwao tu, vya mtu mwingine hagusi. Nilipiga vigelegele mpaka majirani wakauliza nani kachumbiwa.

Kisha likaja boksi.

Lilishushwa kwenye basi Mbinga mjini, Baba Editha akalifuata kwa bodaboda. Nikalifungua mwenyewe. Visahani vipya, vyekundu, vya manjano, vya bluu kama ziwa likitulia, na kila kimoja kimepigwa chapa: EDITHA. Jina la marehemu mama yangu, limepigwa na mashine huko ng'ambo! Nililia.

Sasa lisikieni kosa langu. Kwetu mtu akivuna mara ya kwanza hali peke yake. Iwe kahawa, iwe mshahara, anatoa malimbuko kwa wakubwa wa ukoo ili mkono wake ubarikiwe. Nikaona haya ndiyo mavuno ya kwanza ya mtoto, tena yana jina lake.

Baba Editha aliniambia, "Mpigie kwanza mwenyewe."

Nikamjibu, "Wewe ulipogawa kahawa yako ya kwanza ulimpigia nani?"

Akachukua jembe akatoka. Laiti angebaki akanibishia.

Nikagawa. Kimoja nilikipeleka altareni Jumapili pamoja na vipaji, zile sadaka za misa. Kimoja kwa bibi yake mzaa baba. Kimoja kwa wifi yangu Osmunda, shangazi yake wa Mpepai. Vingine nikashuka navyo ziwani mpaka Chiwanda, kwa mama yake wa ubatizo na watu wake. Kila nilipofika nilipiga picha, nikaziweka hapahapa, mkaniandikia hongera nyingi. Picha zile sijazifuta. Sitazifuta.

Editha alikuwa Songea anafundisha watoto wa shule. Alikuja Alhamisi kuchukua boksi, Ijumaa asafiri kwenda kwenye mashindano. Akakuta karatasi za kufungia na visahani vitatu.

"Mama, vingine viko wapi?"

Nikamtajia jina moja moja, nacheka, nasubiri anikumbatie. Akakaa chini sakafuni. Hakunifokea. Alinieleza taratibu, kama anavyowaeleza wanafunzi wake: kila kimoja kina uzito wake na kazi yake. Kuna cha kwenda mbali, kuna cha kupinda kushoto, kuna cha kumalizia kikapuni, na alivichagua mwenyewe kwa wiki kadhaa akiandikiana na kampuni.

Mimi nilijua vinatofautiana rangi tu.

Aliondoka na vile vitatu. Havikutosha. Huko akaazima vya mchezaji mwenzake, vya kampuni nyingine, akapigwa picha navyo mkononi, na picha ikaifikia kampuni. Basi.

Barua ya kumwacha imeingia jana. Lakini kilichonivunja moyo si barua. Kumbe walimuuliza kabla, kwa nini umerusha vya watu wengine, naye akawajibu kwamba alipoteza mzigo kwa uzembe. Kwa uzembe wake yeye! Leo asubuhi nimempigia, nikamuuliza kwa nini hakusema kweli.

"Ningewaandikia nini, Mama? Kwamba mama yangu alinifurahia kupita kiasi?"

 

Tangu hapo nimeanza kuomba visahani virudi. Bibi anakulia ugali kwenye chake, anasema ugali wa sahani ya mjukuu hauhitaji mboga. Chiwanda wanazolea usipa waliokauka, wale dagaa wa ziwani. Wifi Osmunda ametoboa chake katikati akakitundika juu ya mlango, na nilipompigia alinipasha:

"Wewe Mama Editha, tangu lini malimbuko yakadaiwa? Si ulisema mwenyewe ni baraka?"

"Nilisema, wifi."

"Basi unataka tukurudishie baraka?"

"Nataka visahani. Baraka bakini nayo."

Akakata simu.

Ana haki. Aliyetoa malimbuko akayafuata amekula matapishi yake, na mimi ndiye ninayejisifu kuanzia kisimani mpaka kigangoni. Watanicheka mpaka msimu wa kahawa uishe. Wacha wacheke.

Kwa sababu Editha hajaacha mchezo. Mwezi ujao anaingia mashindanoni bila mdhamini, na kampuni imesema vilivyokwisha kutumwa ni vyake. Hajaniomba. Nilimsikia tu akimwambia baba yake kwenye simu, "Vitatu vitanitosha, Baba." Sauti ilikuwa inatetema. Mtoto yule hajui kudanganya. Amejifunza juzi, kwa ajili yangu.

Nimejiuliza leo: siku ile nilikuwa namfurahia mtoto, au nilikuwa nafurahia kuonekana mama yake?

Jibu linaniogopesha.

Kwa hiyo ndugu zangu wote niliowagawia, mnaosoma na mtakaosomewa, Editha anakuja nyumbani Jumamosi. Njooni na visahani. Vyenye harufu ya usipa nitavisugua kwa majivu. Kilichotobolewa kije hivyohivyo, wifi, kitamfaa kwa mazoezi. Padre ameshanijibu kwamba cha altareni atakileta mwenyewe. Nitasimama mbele yenu nyote, na mbele ya mwanangu, niseme haya niliyoandika hapa, bila kujisifu hata neno moja. Mnaonijua mnajua kazi hiyo ni nzito kiasi gani. Nitapika ugali na kisamvu, na wewe Bibi utakulia sahani ya bati.

Nawasubiri. Ni Jumamosi hii, saa nne asubuhi.