Kupotea kwa Yip Choon Seng, Mwenzetu wa Gofu

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: Foong Kah Wai. Umri: miaka 64. Kazi: daktari wa meno mstaafu. Makazi: Taman Canning, Ipoh. Tarehe: 18 Novemba 2019.

Naeleza kwa hiari yangu, bila kutishwa na mtu.

Yip Choon Seng ni rafiki yangu. Ndiye aliyenifundisha kushika fimbo ya gofu. Kila mwaka mimi, yeye na Nordin Halim huenda kucheza nchi ya nje, na mpangaji wa safari alikuwa yeye. Tangu mwaka jana amekuwa akisahau. Kule Bali alipiga mpira wa mtu mwingine, kisha akamtukana mwenye mpira. Tuliona aibu mbele za watu.

Mnamo Jumatano tarehe 13, mimi na Nordin tulikuwa mkahawani karibu na soko tukipanga safari ya Da Nang. Yip hatukumwambia. Tukiwa tunabishana kuhusu hoteli, nilisikia nyuma yangu, "Ala! Mnanificha nini, wezi nyie?" Alikuwa yeye, anacheka. Alikwisha kuona picha za viwanja kwenye simu ya Nordin.

Nordin aliinamia kikombe chake. Yip akavuta kiti. "Haya, tunaondoka lini?"

Nikamwambia, "Jumapili asubuhi, kaka. Wewe tangulia uwanja wa ndege, tutakukuta."

"Msichelewe kama kawaida yenu!"

Alipoondoka Nordin aliniuliza, "Umefanya nini, Foong?" Nikamjibu, "Hata hajafika nyumbani atakuwa amesahau." Safari yenyewe ilikuwa ya Januari.

Hakusahau.

Jumapili jioni mkewe, shemeji Lai Peng, alinipigia simu. Alitoka kwa dada yake akakuta mume hayupo, na mfuko wa fimbo haupo. "Mko naye?" Nilisema sijamwona. Alipotaja mfuko tu nilijua yuko wapi, lakini nilishindwa kutamka. Niliwasha gari nikaenda mwenyewe uwanja wa ndege, nikidhani nitamrudisha kimya kimya.

Sikumkuta. Mlinzi alisema mzee mwenye mfuko wa gofu alikaa kwenye benchi kutwa nzima, akakataa hata kwenda kula. "Alisema wenzake wako njiani. Mvua ilipoanza akatoka kuwaangalia barabarani." Hapo ndipo nilipowapigia simu polisi. Muda wote ule niliupoteza kwa kuficha aibu yangu.

Askari walimkuta mtaroni kando ya barabara, ameloa, nyonga imevunjika. Ana kisukari. Nilifika hospitali anaingizwa. Alinishika mkono akasema, "Foong, samahani. Nimewakosesha ndege." Shemeji alikuwa amesimama hapo. Alinishukuru kwa kumtafuta.

Sikumwambia kwamba ile Jumapili niliitunga mimi.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyatenda. Nimesomewa, ni kweli.

(Sahihi) Foong Kah Wai

Maelezo ya ofisa: Shahidi aliuliza kosa lake ni lipi kisheria. Nilimjibu kuwa silioni, na kwamba yuko huru kwenda. Hakuinuka. Aliuliza kama kuna mlango mwingine wa kutokea, kwa kuwa mke wa majeruhi alikuwa amekaa nje akisubiri zamu yake. Nilimwambia hakuna.