Jengo Lisafishwe

Mjukuu wangu Neema,

Hapa mtaani Troyeville hatujambo. Mama yako anakusalimu, na kifua chake kimetulia. Umeuliza kwa nini juzi nilinyamaza kwenye mkutano wa kukarabati katikati ya jiji.

Nilipokuwa msichana, fundi cherehani, tuliishi kwenye ghorofa kuukuu mjini, lifti imekufa, takataka zimejaa uani. Watu wa ofisi ya jiji walikuja kuuliza maoni yetu. Kiingereza nilikijua mimi peke yangu, nikawasemea majirani: “Tunaomba jengo lisafishwe.” Wakaandika.

Baadaye wakaja kulisafisha kweli. Waliotolewa ni sisi. Takataka zikabaki uani.

Majirani hawakunilaumu. Afadhali wangenilaumu. Juzi nilikuwa bado natafuta neno lisiloweza kugeuzwa, mkutano ukaisha.

Bibi yako,
Mwajuma