Nani Aingie Sufuria Moja

Jumapili, 6 Machi

Ndio, waingie wote. Hilo ndilo jibu nililompa Zuhura na silibadilishi. Ameniuliza tena leo kwa simu, nikiwa kwenye gari nje ya shule nangoja watoto wa Baba, bosi wangu: "Kaka, lini utaifunga hiyo linki ya grupu?" Nikamwambia siku watu wataacha kuja Saudia.

Zuhura ni nesi, Mzanzibari, yuko Jeddah. Mimi na yeye ndio admin wa grupu letu la simu, Sufuria Moja. Nililianzisha mimi, watu kumi na moja, ndio niwauzie unga wa ugali. Sikatai. Unga nautoa soko la Batha, naupeleka mpaka geti kwa dada zetu wa kazi hapa Al-Naseem, Riyadh. Sasa tuko mia mbili na arobaini. Mtu akiumwa, Zuhura anamjibu. Mtu akilia, mimi namchekesha. Grupu lenyewe linabeba mia mbili hamsini na sita, halas. Zuhura anataka nafasi zilizobaki zipigwe kufuli, ati hatujui nani ni nani. Mimi nasema mgeni ndiye anayetuhitaji zaidi. Na ndiye anayenunua unga zaidi. Yote mawili ni kweli.

Madam wangu, mke wa Baba, siku hizi anaendesha mwenyewe. Mimi nimebaki na gari kuukuu na asubuhi tupu. Wanawake walipopewa leseni madereva wenzangu walinuna. Mimi nilipiga makofi.

Jumatatu, 7 Machi

Mercy. Dada wa Busia, wa lile geti la kijani. Anafanyishwa kazi nyumba mbili, kwa madam na kwa dadake madam, halali vizuri. Pasi yake ya kusafiria iko kwenye kabati la madam. Jana usiku aliandika kwa grupu: Alhamisi akitoka kutupa taka, haachi kutembea mpaka apate teksi ya kumpeleka ubalozini. Watu wakamwombea. Wengine wakamtumia ramani. Mimi nikatania, akifika atuwekee chai.

Leo saa nne ametuma sauti fupi, ananong'ona. "Madam anajua. Ana maneno yangu yote kwa simu." Kisha simu ikazima.

Sina utani leo.

Jumanne, 8 Machi

Grupu linawaka moto. Mtu amemuuza Mercy, na wote wanaangalia wale kumi na wanne walioingia wiki iliyopita. Hawana picha, wengine hawajasema hata salamu. Mpishi mmoja wa Manfuha ameandika: "Chairman, umemuuza dada wa watu kwa pakiti ya unga." Chairman ndio mimi. Nimeandika jibu, nimefuta, nimeandika, nimefuta.

Imeniuma kwa sababu nusu yake ni kweli.

Jumatano, 9 Machi

Jeddah. Baba ana mkutano, nimemwendesha tangu alfajiri, mgongo si wangu tena. Nikampitia Zuhura akitoka zamu. Nilitegemea atanitukana. Hakunitukana. Akaninunulia chai, akaniambia, "Sikuyasema yale ili nikushinde, kaka. Nlikuwa naogopa tu." Afadhali angenitukana.

Nimefuta linki hapo hapo mezani. Nimetoa wale kumi na wanne, mmoja mmoja, kwa kidole changu. Hakuna mtu mpya tena. Nimejisikia mwanaume.

Alhamisi, 10 Machi

Bado Jeddah. Leo ndio Mercy angetoka. Hakuna habari.

Namba ngeni imenisumbua. "Naitwa Kadzo, natoka Kilifi, niko Riyadh mwezi wa kwanza, naomba kuingia Sufuria Moja." Nikajibu tumefunga, dada. Akarudi. Nikajibu mafi nafasi, hakuna. Akarudi mara ya tatu: "Nipigie tafadhali, ni muhimu." Haina picha hata ya ua. Nikamblock.

Nimemwambia Zuhura. Amesema vizuri. Nimelala vizuri.

Jumamosi, 12 Machi

Mimi ni mjinga. Wacha niandike, nisome nikizeeka.

Jana tumerudi Riyadh, leo nikatoka na unga. Nilikuwa napita karibu na geti la kijani, polepole, nikitegemea nitamwona Mercy. Nyumba ya jirani ikafunguka, akatoka kasichana na mfuko wa taka mkubwa kuliko yeye. Akaangalia pakiti kwenye kiti cha nyuma.

"Wewe ndio Chairman wa unga?"

"Ndio mimi."

"Mbona umenifungia?"

Kadzo. Nikajibaraguza, nikaanza hadithi ya usalama wa grupu. Akanikata. "Unaniogopa mimi? Mimi hata chaja naazima!"

Akaongea mbio, mfuko mkononi. Paa la kwao na paa la kina Mercy yanagawana ukuta. Yeye na Mercy huanika nguo saa moja. Jumanne Mercy alimwambia kila kitu juu ya ukuta, akampa namba yangu. Anaijua kwa kichwa, ni namba ya unga. Akamkataza kuandika chochote, aniambie kwa mdomo. Mtoto wa watu akahangaika kuniandikia mara tatu, anaomba nimpigie.

Na ujumbe wenyewe ni huu: ni laini ya Eunice.

Eunice! Alifanya kazi nyumba hiyo hiyo kabla ya Mercy. Desemba akarudi kwao. Laini zetu nyingi hapa ziko kwa jina la kafili, tajiri aliyekuleta. Ukienda, unabeba sanduku, laini inabaki. Simu ya Eunice pia ilikuwa ya madam, ile yenye kioo kilichopasuka, na grupu letu likabaki ndani yake. Sisi tunaandika, simu inamtafsiria madam kwa Kiarabu. Jumatatu alimwekea Mercy simu hiyo usoni, akamsomesha maneno yake mwenyewe.

Eunice nilimuaga mimi mwenyewe kwenye grupu. Nikamwekea keki na ndege. Sikumtoa. Hakuna aliyekumbuka kumtoa. Mtu akienda nyumbani hapa tunamwombea safari njema, na namba yake tunaiacha imekaa pale kama mtu.

Nimefukuza wageni kumi na wanne wasio na kosa.

Jumapili, 13 Machi

Sijamtoa Eunice. Zuhura alitaka nimtoe saa hiyo hiyo. Nikamwambia, dada, subiri, huyu sasa ni redio yetu. Akauliza redio ya nani, nikasema ya madam. Kisha akacheka, mara ya kwanza wiki hii.

Nimeandika kwenye grupu, Kiswahili safi cha shule ili simu isikosee: Mercy amebadili mawazo. Anampenda madam wake. Haendi popote. Tumwombee avumilie. Watu wakaitikia amina. Hata yule mpishi wa Manfuha. Nitawaomba msamaha baadaye.

Kadzo kapeleka neno juu ya ukuta: Jumatano, saa tatu, na taka.

Najua hatari yake. Polisi wakinisimamisha nikiwa na dada aliyetoroka kwa kafili, ndani ya gari la Baba, ikama yangu, kibali cha kuishi hapa, imeenda na mimi nimeenda nayo. Naogopa. Nitaenda.

Jumanne, 15 Machi

Kadzo anasema madam wa Mercy ametulia. Ameacha kumfuata mpaka kwa pipa.

Nimeosha gari. Sijui kwa nini. Nimeliosha mara mbili.

Jumatano, 16 Machi

Watoto wameshuka shuleni. Saa tatu kasoro niko kwenye kona, naangalia kwa kioo. Geti la kijani likafunguka. Mercy, abaya, mfuko mweusi. Amekonda. Akatembea mpaka kwa pipa, akauweka mfuko vizuri, hakuutupa. Hakuangalia nyuma. Akaja, akakaa kiti cha nyuma.

Nikamwambia, "Yalla, madam, tunaenda wapi?"

Akacheka. Halafu akalia mpaka tulipofika.

Ubalozini wamemwingiza, wamempa kiti, wameandika jina. Nilisimama nje mpaka mlango ukafungwa, yeye akiwa ndani.

Kisha nikamtoa Eunice.

Ijumaa, 18 Machi

Kimya leo. Baba amelala. Nguo zangu zinakauka.

Mercy analala na dada wengine, anangoja pasi. Bado. Lakini amelala saa kumi mfululizo, amenitumia sauti kunisimulia kama ameona ajabu.

Mimi na Zuhura tumekubaliana, na kila mmoja anasema ameshinda. Mgeni anaingia, ila mmoja wetu awe amemwona kwa macho: kwa pipa, juu ya paa, Batha. Na sisi wa zamani, kila Ijumaa kila mtu atume sauti, aseme jina na alichopika. Ukikaa kimya Ijumaa mbili, unatoka, hata kama wewe ndiye uliyeanza na mimi. Leo ndio ya kwanza. Nimesikiliza pilau, maharagwe, kabsa, mayai, mtu mmoja uji. Namba nyingi sana hazijasema kitu. Ninazitazama.

Kadzo ameingia. Nimemuomba msamaha mbele ya watu. Na wale kumi na wanne nimewaandikia. Tisa wamerudi.

Na wewe unayesoma hapa. Najua upo, daftari halijifungui lenyewe. Tufanye biashara. Wewe sahau rangi ya lile geti, mimi nasahau kwamba umechokora vitu vyangu. Na kama wewe ni mgeni hapa, Jumamosi asubuhi simama karibu na pipa la taka, gari kuukuu litapita. Nitakuuliza umepika nini. Ukinijibu bila kufikiria, unaingia, na pakiti ya kwanza ni juu yangu. Ya pili unalipa.